Aliacha, Aliachishwa au Alifukuzwa?

Methali ya "samaki mmoja akioza, wote wameoza" sidhani kama ilitungwa na mtu wa Mwanza. Nenda Mwaloni, pale Kirumba, asubuhi na mapema, uwatazame akina mama wanaonunua sato wa kwenda kuuza. Hakuna anayemwaga tenga zima kwa sababu ya samaki mmoja. Anamshika mmoja mmoja, anafunua mashavu, anaangalia wekundu, anabonyeza tumbo, anaweka huku au anatupa kule. Kwamba kuoza kunaambukiza, hilo wanalijua kuliko mimi na wewe. Ndiyo maana wanawahi kuchambua. Anayeifuata ile methali kama ilivyo atafilisika kabla wiki haijaisha.

Wanaoipenda ni watu wengine. Mwalimu aliyezomewa na mwanafunzi asiyemjua, akaamua kuchapa darasa zima. Bosi aliyeibiwa dukani, akawatimua vijana wote wanne. Na nchi iliyoshtuka usiku. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka tuifikirie leo, kwa sababu mwenye duka anaweza kumwambia kijana samahani kesho yake, lakini nchi ikishakuweka kwenye tenga la waliooza, utamwendea nani akutoe?

Swali langu ni hili. Askari aliyeondolewa jeshini pamoja na kundi, bila yeye mwenyewe kushtakiwa wala kuulizwa alifanya nini, ana haki ya kudai jina lake litazamwe upya? Na kama ana haki hiyo, inaisha lini? Baada ya miaka kumi? Akifa?

Swali lilinijia kwa njia ya kazi ndogo tu. Mtaani kwetu Mkolani alifariki mzee mmoja ambaye watu wote, hadi watoto wa shule, walimwita Afande. Kwa vile mimi ni mwandishi wa habari, familia ikaniomba niwaandikie wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya mwili kupelekwa makaburini. Unajua wasifu wetu ulivyo: alizaliwa, alisoma, alioa, aliajiriwa, alistaafu, aliugua, ameacha wajane, watoto na wajukuu kadhaa. Ni kama fomu. Unajaza nafasi.

Nilipofika kwenye ajira nikakwama. Alikuwa askari wa Tanganyika Rifles. Alirudi nyumbani mwaka 1964, kijana bado, na hakuvaa sare tena maisha yake yote. Alilima pamba, akauza mbao, akajenga. Sasa kitenzi kiwe kipi? Nikaandika "alistaafu". Mtoto wake mkubwa, mama wa makamo, akatikisa kichwa: "Mwanangu, kustaafu si kuna mafao? Baba hakupata hata barua." Nikaandika "aliacha jeshi". Mdogo wao akasema huo ni uongo, baba hakuacha, angeweza angekaa hadi azeeke. Mjomba mmoja akasema andika "alifukuzwa", ndiyo ukweli wenyewe. Chumba kikanyamaza. Hatimaye tukaandika "aliachishwa", mtendwa bila mtenda, na pale msibani mstari huo ukasomwa haraka haraka.

Baada ya arobaini yule mama akanijia na ombi jingine. Anataka kuandika barua serikalini. Hataki fedha. Anataka waseme baba yake alikuwa nani.

Kabla ya kufika kwenye barua, tukumbuke kilichotokea, maana wengi wetu tuliozaliwa miaka ya themanini na tisini tunakijua kwa mstari mmoja tu wa kitabu cha historia.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam. Waliwaweka chini ya ulinzi maofisa wao wa Kiingereza, kisha wakaingia mjini. Madai yao yalikuwa mawili: Waafrika wapewe uongozi wa jeshi, na mshahara wa askari wa kawaida upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260. Mwalimu Nyerere alipelekwa mafichoni. Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao. Mjini maduka yaliporwa na watu wakauawa. Kesho yake kikosi cha pili, kule Tabora, nacho kikaasi. Siku chache baadaye moto ukafika Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Tarehe 25, kwa ombi la serikali yenyewe, makomando wa Kiingereza waliteremka Colito kutoka kwenye manowari iliyokuwa baharini, wakawanyang'anya askari silaha.

Fikiria uzito wake. Nchi ina uhuru wa miaka miwili na kitu, halafu inalazimika kumwita mkoloni wa jana arudi na bunduki kuiokoa na jeshi lake yenyewe. Ilikuwa fedheha, na Mwalimu hakuificha fedheha hiyo. Tanganyika Rifles ikavunjwa. Askari wengi wakarudishwa makwao. Vijana wa TANU wakaitwa kujenga jeshi jipya, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ.

Hapa ndipo panaponishika. Wachache walioonekana kuwa vinara walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Sajini Francis Hingo Ilogi, aliyetajwa kuwa kiongozi wao, alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Wengine walipata vifungo vifupi zaidi. Baadhi waliachiwa. Mwalimu alionyesha wazi kwamba aliziona adhabu zile kuwa ndogo, lakini hakuzigusa, kwa sababu mahakama ilikuwa imekwisha kusema. Mimi huwa nauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa mambo yake makubwa. Mtu aliyefichwa siku mbili kwa kuhofia maisha yake anaiacha mahakama iseme neno la mwisho juu ya waliomtisha. Si kila kiongozi angeweza.

Lakini angalia matokeo yake. Aliyeshtakiwa alisomewa kosa lake. Alijibu. Ushahidi ulipimwa, na wapo walioonekana hawana hatia wakaondoka na neno hilo midomoni mwa mahakama. Hata aliyefungwa miaka 15 alijua itaisha lini. Sasa yule askari wa kawaida ambaye hakuna aliyemwona kuwa muhimu kiasi cha kumshtaki, yeye alipandishwa gari akarudishwa kwao, kimya. Hakusomewa kosa, kwa hiyo hakuna kosa la kukanusha. Hakuhukumiwa, kwa hiyo hakuna hukumu ya kukatia rufaa. Adhabu yake haikuwa na tarehe ya mwisho. Kinara wa maasi alitendewa kama mtu, na mfuasi, au asiyefuata kabisa, alitendewa kama sehemu ya tenga.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia yote kwenye vibao vya kahawa, na mengine yana nguvu.

La kwanza: nchi ilikuwa hatarini. Nani angepata muda wa kumhoji askari mmoja mmoja? Nakubali, tena bila kusita. Jeshi lililogeuza bunduki kwa wenye nchi haliachwi na bunduki hizo hadi uchunguzi uishe. Serikali ilikuwa na haki ya kulivunja. Ila kuvunja jeshi ni jambo moja, na kumhukumu mtu ni jambo jingine. Nyumba ikishika moto unawatoa watu wote nje, hata walio wasafi, hata kwa kuwavuta. Moto ukizimika, huwaachi nje milele kwa sababu ulishindwa kujua nani aliwasha kiberiti. Dharura inaeleza kwa nini hukuchambua Januari. Haielezi kwa nini hukuchambua Juni, wala mwaka uliofuata.

La pili ni gumu zaidi: maasi si wizi wa kuku. Hayafanywi na mtu mmoja. Yule aliyelala kitandani akasikia wenzake wanawakamata maofisa, asiinuke kuwazuia, naye ameshiriki. Kiapo cha askari kinamtaka afanye zaidi ya kutotenda kosa. Hili nalipa heshima yake. Lakini hata kama ni kweli, hilo ni kosa la mtu, na kosa la mtu lina vipimo. Alikuwa na cheo gani? Alikuwa na silaha au ghala lilikuwa limeshashikwa? Alikuwa kambini au likizo kijijini? Alishangilia, alijificha, alimsaidia ofisa kutoroka? Kunyamaza kwa sajini si sawa na kunyamaza kwa kijana wa miaka 21 mwenye miezi michache jeshini. Ukisema "wote waliasi" umeyapita maswali haya yote bila kulijibu hata moja.

Wamarekani walifanya jambo hilihili miaka mingi kabla yetu. Agosti 1906, risasi zilipigwa usiku katika mji wa Brownsville, Texas, mtu mmoja akauawa. Lawama zikaangukia askari weusi waliokuwa kwenye kambi ya jirani. Wakaulizwa nani kafanya. Wote wakasema hawajui. Rais Theodore Roosevelt akalichukua jibu hilo kuwa njama ya kufichana, akaamuru askari 167 waondolewe jeshini bila heshima na bila mahakama. Baadhi walikuwa na utumishi wa zaidi ya miaka 20. Wote walipoteza haki ya pensheni. Mwaka 1972, miaka 66 baadaye, jeshi likarekebisha kumbukumbu zao: wameondoka kwa heshima. Kufikia wakati huo karibu wote walikuwa makaburini. Dorsey Willis, aliyekuwa hai, alikuwa ameishi maisha yake akipiga watu viatu rangi kwenye kinyozi huko Minneapolis. Baadaye alilipwa dola 25,000.

Ona jinsi kosa lilivyogeuka pale Texas. Swali lilianza kuwa "nani alipiga risasi?" Likaishia kuwa "kwa nini humtaji?" Na asiye na hatia ndiye anayekosa jibu kabisa, kwa sababu kweli hajui. Adhabu ya kundi ina ubaya huo: mwenye kosa ana kitu cha kuungama ili apunguziwe, msafi hana hata hicho.

Jibu la tatu ndilo linalosemwa zaidi kwetu: yamepita. Mzee amekufa, wengi wa waliokuwapo wamekufa, mnafukua nini? Tusonge mbele. Wengine wanasema kwa upole zaidi: kama ni jina, basi serikali itoe msamaha wa jumla, yaishe.

Hapo kwenye msamaha nasimama. Kiswahili chetu kina uangalifu kuliko sisi tunaokizungumza. Unamsamehe nani? Unamsamehe aliyekukosea. Ukimwambia mtu "nimekusamehe" kabla hujamsikiliza, umemhukumu tayari, tena kwa tabasamu. Uingereza mwaka 2006 ilipitisha sheria ya kuwasamehe askari waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika Vita Kuu ya Kwanza kwa makosa kama kutoroka na woga. Ni 306 wanaohesabiwa. Familia nyingi zilifurahi, na sizilaumu. Lakini sheria ileile ilisema wazi kwamba msamaha huo haufuti hukumu. Yaani ulikosa, ila tumekuhurumia. Kwa aliyekuwa anatetemeka kwa maradhi ya vita, siyo kwa woga, hilo halijamfikia.

Kenya walichukua njia nyingine. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, jeshi lao la anga lilivunjwa na askari wake wengi wakakamatwa. Kamanda wake, Meja Jenerali Peter Kariuki, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miaka minne na kupoteza kazi. Alikwenda mahakamani akiwa mzee, miongo mitatu ilipokaribia, na mahakama zikakubali kwamba haki zake zilivunjwa, zikaamuru alipwe fidia. Hakuomba kusamehewa. Aliomba kusikilizwa upya, na akasikilizwa. Lakini yeye alikuwa jenerali, alikuwa na faili, alikuwa na hukumu ya kuipinga. Tunarudi palepale: anayeweza kukata rufaa ni yule ambaye nchi ilimtambua kiasi cha kumhukumu.

Katiba yetu ina jambo la kusema hapa. Ibara ya 13(6)(a) inasema kwamba haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufaa. Haki hizi ziliingia katika Katiba mwaka 1984, miaka ishirini baada ya Colito. Mwanasheria ataniambia sheria hairudi nyuma, na kwa lugha ya mahakama yuko sahihi. Lakini mimi siandiki hati ya mashtaka. Nauliza kilicho haki, na wazo la kwamba mtu asikilizwe kabla ya kuadhibiwa halikuzaliwa 1984. Mzee yeyote wa kikao cha ukoo Usukumani analijua. Huwezi kumtoza mtu ng'ombe hajasema neno.

Basi nikamwambia yule mama wa Mkolani ninachofikiri. Barua isiombe msamaha. Isiombe hata "kusafishwa jina", kwa sababu hiyo inadai jibu kabla ya swali. Iombe jambo moja: kwamba jina la baba yake litolewe kwenye orodha ya kundi, liulizwe peke yake. Alikuwa wapi usiku ule, alifanya nini, kwa maneno ya nani. Na kama hakuna maneno ya mtu yeyote dhidi yake, basi kumbukumbu iseme hivyo: hakuna kosa lililothibitishwa juu yake. Si sifa. Ni ukweli tu, na unatosha kwa wasifu.

Kisha nikamuuliza lile swali ambalo familia huwa zinalikwepa. Na wakikuta kwamba alikuwa na kosa? Kwamba alikuwa mmoja wa waliowafungia maofisa, au alikuwamo kwenye lori lililoingia mjini? Uko tayari kulisoma hilo?

Alikaa kimya kidogo, akasema: "Bora kosa lake kuliko kosa la watu."

Sijaona mwanafalsafa aliyeliweka vizuri zaidi. Anayedai haki ya kweli hadai ushindi. Anakubali kwamba kuchambuliwa kunaweza kumweka upande wowote. Mtu akionekana na kosa lake mwenyewe bado ni mtu. Alichagua, alikosea, unaweza kumkasirikia, unaweza kumwelewa: kijana anayelipwa shilingi 105 kwa mwezi katika jeshi la nchi huru ambalo bado linaongozwa na Waingereza. Unaweza hata kumsamehe, maana sasa kuna cha kusamehe. Lakini mtu aliyebebeshwa kosa la watu hana pa kuanzia. Hawezi kujuta, hawezi kujitetea. Anabaki kuitwa Afande na watoto wa mtaa ambao hawajui kwamba neno lile alinyang'anywa.

Zaidi ya miaka sitini imepita, na mtu atauliza kama kazi hiyo inawezekana. Naona nchi imeshaonyesha kwamba inaweza kutazama upya kilichobaki cha jeshi lile ikitaka. Kambi ya Colito, jina la vita vya Waingereza kule Ethiopia mwaka 1941, leo ni Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Kalewa ya Tabora ikawa Mirambo. Mwaka 1993 kilichapishwa kitabu kizima cha utafiti wa JWTZ kuhusu maasi yale. Majina ya kambi yalifikiriwa moja moja. Ninachosema ni kwamba majina ya watu nayo yanastahili kazi hiyo.

Wakati tunasubiri, kuna sehemu ambayo haihitaji ofisi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 leo amepita 80. Kama kwenu yuko mzee wa namna hiyo, Mwanza, Musoma, Tabora, Iringa, popote, kaa naye sasa. Usimuulize "kwa nini mliasi?" Swali hilo linamrudisha kwenye kundi. Muulize: "Wewe, babu, usiku ule ulikuwa wapi?" Andika anachosema kama anavyosema, hata kama hakimpendezi mtu. Siku ya kuandika wasifu wake hutahangaika na kitenzi.